Shemeji alikunywa udongo siku 40 "kutoa sumu", tukaishia wodini. Tuuzungumzie huu udongo wa tiba

#1 Darubini Chakavu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mtu wa maabara, miaka kumi na kitu sasa nachungulia damu za watu. Si mwandishi wa nyuzi ndefu, ila yaliyotukuta mwezi uliopita yamenikaa kooni.

Shemeji yangu, mke wa kaka, ni mtu mzima na akili zake timamu. Alikuwa analalamika tumbo kujaa na choo kufunga. Akapatikana mtu wa kumpa unga wa bentonaiti, akaelekezwa akoroge vijiko viwili vikubwa kwenye maji asubuhi na jioni, udongo "uvute sumu zote". Wiki ya kwanza akajiona mwepesi. Wiki ya tatu uchovu ukaanza. Akauliza, akajibiwa kwamba hiyo ndiyo sumu inatoka, aongeze dozi. Akaongeza. Siku ya 40 alishindwa kuinuka kwenye kiti, miguu kama si yake, moyo unarukaruka. Potasiamu yake ilisoma 2.4. Kawaida ni 3.5 hadi 5. Kwa wasiojua: potasiamu ikishuka hivyo misuli inagoma, na moyo nao ni msuli.

Amepona, yuko nyumbani na anasoma hapa. (Shemeji, ruhusa ulinipa mwenyewe, usije ukanigeuka.)

Kabla hamjanivamia: sikuja kusema udongo ni upuuzi. Udongo natumia kazini. Kuna kipimo cha kuganda kwa damu kinaitwa APTT, na tangu 1961 ilipojulikana kwamba kaolini inakiboresha, imekuwa ikitumika kukiamsha. Kaolini ni ule udongo mweupe laini kabisa. Damu ikigusa uso wake, protini inayoitwa faktori ya 12 inashtuka, na mlolongo mzima wa kuganda unaanza. Wanajeshi wa Marekani wanatembea na shashi iliyotiwa kaolini hiyohiyo kwa ajili ya majeraha yanayovuja damu nyingi. Kwa hiyo udongo unafanya kazi, na ndiyo sababu nauogopa. Kitu kisichofanya kazi kisingemlaza shemeji wodini.

Nauliza: nani ametumia, kwa tatizo gani, na udongo upi? Ukijibu "udongo" tu hujajibu.

#2 Jongoo80

Mkuu pole sana na shemeji. Ila usitutishe. Mimi nimefanya usafi wa utumbo siku 14, bentonaiti pamoja na maganda ya siliamu, yale ya kulainisha choo. Uchafu uliotoka hamtaamini. Kamba nyeusi ndefu, zinavutika kama mpira, zina hadi mikunjo ya utumbo. Hizo zilikuwa zimeganda humo tangu utotoni. Daktari gani angeziona? Picha ninazo.

#3 Sijachoka

Picha baki nazo. Watu wengine tunasoma huku tunakula.

#4 Kipepeo Mweusi

Nakazia kwa Jongoo80. Udongo ni tiba ya kale kuliko hospitali zote. Wagiriki walichimba udongo wa kisiwa cha Lemnos, wakaufinyanga vidonge na kuvigonga muhuri. Galen mwenyewe, tabibu wa makaisari, alisafiri hadi kisiwani karne ya 2 akaondoka na vidonge 20,000. Alikuwa mjinga? Na wanyama je? Kasuku wanakula udongo, sokwe wanakula udongo. Kasuku hana duka la dawa, anafuata maumbile. Shemeji wa mleta uzi alizidisha tu, basi. Hata maji ukizidisha yanaua.

#5 Darubini Chakavu

Kipepeo, umenigusa penyewe, ngoja nianze na kasuku wako.

Ni kweli. Kwenye msitu wa Amazon kule Peru kasuku hukusanyika asubuhi kwenye kingo za mto, makundi kwa makundi, wanamega udongo. Mwaka 1999 watafiti walichapisha jaribio. Waliwapa kasuku kwinidini, kitu kichungu cha jamii ya alkaloidi, wengine pamoja na udongo ule na wengine bila udongo. Waliokula udongo, kwinidini iliyofika kwenye damu ilikuwa pungufu kwa kiasi kikubwa. Kasuku anakula mbegu mbichi zilizojaa sumu za mimea, kwa hiyo hapo amecheza vizuri.

Sasa jiulize, kwinidini kwa binadamu ni nini? Ni dawa. Imetibu mapigo ya moyo yaliyovurugika, imetibu malaria kali. Udongo ule haukuuliza kama hiki ni sumu au ni dawa, ulishika tu kilichokuwa mbele yake. Mtu anayemeza vidonge vya moyo au antibayotiki za jamii ya tetrasaiklini kisha anashushia na udongo, anajifanyia jaribio lilelile la kasuku. Ndiyo maana hata dawa za udongo zilizosajiliwa huelekeza uachanishe na dawa nyingine kwa saa 2 au zaidi.

Jinsi unavyoshika ni hivi, na nitajaribu kueleza bila darasa. Bentonaiti kwa sehemu kubwa ni madini ya montmoriloniti, jina limetoka mji wa Montmorillon, Ufaransa. Kwa ndani yamepangika kama kurasa za kitabu, kila ukurasa una unene wa nanomita 1 hivi. Kurasa zina chaji hasi. Katikati yake wanakaa wapangaji wenye chaji chanya, kina sodiamu na kalsiamu. Ukiutia kwenye maji yenye chembe nyingine za chaji chanya, wapangaji wanabadilishana: huyu anatoka, yule anaingia. Na vyumba ni vingi mno. Gramu 1 ukizifungua kurasa zote unapata zaidi ya mita za mraba 700. Gramu 10 hivi zinatosha kutandika uwanja wa mpira.

Hebu sasa taja wenye chaji chanya waliomo tumboni mwako. Risasi, kama umeila. Kadimiamu. Lakini pia potasiamu, chuma, zinki. Shemeji hakuwa na risasi ya kutolewa. Alikuwa na potasiamu.

Tena hata si yeye wa kwanza. Mwaka 2006 madaktari wa Marekani waliandika habari za mtoto wa miaka 3 aliyepewa bentonaiti nyumbani, kwa mdomo na kwa njia ya haja kubwa, kwa sababu hiyohiyo ya choo kufunga. Potasiamu ilianguka vibaya.

Halafu wauzaji wana jambo hawaligusi. Udongo unaoshika risasi vizuri namna hiyo, umekaa ardhini miaka mingapi? Umeshashika ulichokikuta huko. Mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa maonyo kuhusu bentonaiti za kuuzwa zilizokutwa na risasi nyingi. Kitabu kile hakikuja na kurasa tupu.

Na hiyo "sumu ya mwilini" inayovutwa ni ipi? Udongo haumeng'enywi, haupiti ukuta wa utumbo. Kilichoko kwenye damu au ini haukifikii. Ukiloweka miguu kwenye beseni la udongo na maji yakabadilika rangi, hiyo ni rangi ya udongo.

Galen namuheshimu. Ila hakuwa na mashine ya kusoma potasiamu.

#6 FundiChungu

Habarini. Mimi ni mfinyanzi, hospitali naziona kwa nje tu. Nataka nigusie hilo swali la "udongo upi", maana watu wanalipita haraka.

Kaolini na bentonaiti si ndugu wa karibu hivyo. Kaolini jina lake limetoka Gaoling, kijiji na kilima kule China karibu na Jingdezhen, mji wa kauri. Ukiiloweka inalainika lakini haivimbi. Bentonaiti imetokana na majivu ya volkano yaliyooza na kubadilika, na hiyo inavimba ajabu, hasa ile ya sodiamu. Weka kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, kesho yake asubuhi kimekuwa rojo linaloteleza, kiasi kimeongezeka mara kadhaa. Karakana yangu huwa natia asilimia 1 au 2 tu kwenye udongo mgumu ili ukubali kufinyangwa. Ukizidisha, chungu kikikauka kinapasuka chote, kwa sababu kitu kilichonyonya maji mengi kinasinyaa vilevile kikiyatoa.

Sasa mtu choo kimefunga, yaani maji ndiyo tatizo, unampa mnyonyaji wa maji. Hata mfinyanzi anashangaa.

La pili, mnaambiwa msikoroge na kijiko cha chuma eti "nguvu ya udongo inakufa". Jamani. Udongo unachimbwa kwa sepeto, unapakiwa kwa mashine ya chuma, unasagwa kwenye kinu cha chuma. Kama nguvu ilikuwepo, ilikufa siku nyingi kabla hujafika jikoni.

La tatu ndilo zito. Vumbi. Unga wa udongo karibu daima una silika, madini yaleyale ya mchanga, ndani yake, na silika ikiingia mapafuni mwaka hata mwaka inayatia makovu yasiyofutika. Wafinyanzi wa zamani wamekufa sana kwa hilo. Sisi karakana hatufagii pakavu, tunapiga deki. Unga ukiufungua, tia maji taratibu na usiweke pua juu yake, na mtoto asiwe karibu.

#7 Sijachoka

FundiChungu heshima yako. Swali jepesi: chunusi. Napaka bentonaiti usoni kila siku nikichanganya na siki, naacha hadi ikauke uso unabana kama ngoma. Ngozi inawasha sana lakini nasikia ndiyo inafanya kazi?

#8 FundiChungu

Hapo ninajua kwa mikono yangu tu. Udongo unanyonya mafuta, hilo ni kweli, na ngozi ya mafuta inapumzika kwa muda. Lakini bentonaiti ina ualkali, pH (kipimo cha asidi na alkali) inafika 9 na zaidi, wakati ngozi iko kwenye 5 hivi. Siki ni jitihada ya kuirudisha chini, ila unapimaje kwa kijiko? Kila siku ni nyingi. Mara moja kwa wiki, uioshe ikiwa bado na unyevu kidogo, usingoje ngoma. Kama ngozi ni nyepesi tumia kaolini. Kuwasha ni ngozi inakulalamikia.

#9 mama_wawili

Nimesoma kimyakimya ila imenibidi niingie. Mimi nina ujauzito wa miezi 5. Silambi unga wa dawa, nakula udongo wenyewe, wa kutafuna, kila siku, nikiukosa silali. Harufu ya mvua ikinyesha kwenye vumbi natoka nje kuinusa. Mume wangu hajui. Je, na mimi potasiamu?

#10 Muuguzi wa Zamu

Dada yangu mama_wawili, kwanza usione aibu. Hamu hiyo ina jina, inaitwa pika, na wajawazito wako nayo dunia nzima. Wewe hujachanganyikiwa.

Potasiamu inawezekana, lakini mimi kwako ningeanza na damu. Hamu ya udongo na upungufu wa madini ya chuma hutembea pamoja. Kipi kinamleta mwenzake bado watu wanabishana, lakini udongo ukishaingia tumboni unalishika hata lile chuma dogo lililoko kwenye chakula, kwa hiyo shimo linazidi kwenda chini. Zinki vilevile. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Ananda Prasad alikutana na vijana karibu na Shiraz, Iran, waliodumaa, hawajabalehe, damu imepungua, na wengi wao walikuwa wakila udongo. Kazi yake ndiyo iliyokuja kuonyesha kwamba binadamu anaweza kupungukiwa zinki, jambo lililokuwa halijakubaliwa.

Cha pili ni risasi. Inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na ubongo wake ndio unajengwa sasa. Kuoka udongo kunaweza kuua mayai ya minyoo. Risasi haiondoki kwa moto.

Nenda kliniki wiki hii, sema ukweli mzima, wakupime wingi wa damu. Ukipewa vidonge vya chuma usivimeze pamoja na udongo, utakuwa umevitupa. Wengi hamu hupungua chuma kikirudi. Na mwambie mumeo, huo si wizi.

#11 Kipepeo Mweusi

Naona mnakandia tu. Basi niambieni hili: vidonda vya Buruli, vile vya bakteria vinavyokula ngozi, vilivyoshindikana, mama mmoja Mfaransa alikuwa akivibandika udongo wa kijani kule Côte d'Ivoire na vikafunga. Wanasayansi wa Marekani wakaupima wakakuta unaua bakteria, mpaka wale sugu. Hilo mbona hamlisemi?

#12 Darubini Chakavu

Nalisema, tena kwa furaha, maana hiyo ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote kwenye mada hii.

Mama huyo ni Line Brunet de Courssou, na vidonda aliviripoti kwa Shirika la Afya Duniani mwaka 2002. Waliokuja kuupima ni Lynda Williams na Shelley Haydel wa Arizona State University. Zilikuwa udongo za kijani mbili, zote za Ufaransa, madini yake yanakaribiana sana. Moja iliwaua bakteria kwenye maabara, wakiwemo wa kidonda cha Buruli. Nyingine iliwafanya wakue vizuri zaidi.

Soma tena hapo. Rangi moja, nchi moja. Ungekuwa umeshika mafungu mawili mkononi, kwa macho ungechaguaje? Kazi iliyofuata ilionyesha kwamba kinachoua ni kemia ya mahali ulikochimbwa: chuma cha aina inayoyeyuka na alumini vinaingia kwenye bakteria na kumvuruga. Kile chenye kemia ya namna hiyo kinaua, kingine ni matope. Na hayo yote ni ndani ya vyombo vya maabara. Kidonda cha Buruli leo kinatibiwa kwa rifampisini na klarithromaisini wiki 8.

Kwa hiyo Kipepeo, mama yule hakusema uongo. Lakini anayekuuzia "udongo wa kijani" akitumia hadithi yake hajui kama ana ule wa kwanza au ule wa pili.

#13 Muuguzi wa Zamu

Niongezee moja kwenye vidonda, na hapa sitanii. PEPOPUNDA. Vijidudu vyake vinaishi udongoni kama mbegu zilizolala, vinavumilia jua, vinavumilia hata maji ya kuchemka. Mwaka 1998 huko Montana, Marekani, kichanga kilipata pepopunda. Mama hakuwa na chanjo, na kitovu kilikuwa kimepakwa unga wa udongo ili kikauke haraka. Udongo wa kuuzwa, si wa kuchotwa nje. Ile shashi ya wanajeshi aliyoisema mleta uzi imetakaswa kiwandani. Usiniletee unga wa mfuko kwenye kitovu cha mtoto au kidonda kilicho wazi kwa hoja ya shashi.

#14 Baba Kijacho

Muuguzi nisaidie haraka. Mtoto ana miezi 9, anaharisha tangu jana. Ndani kuna pakiti za diosmektiti, dawa ya kuharisha, za gramu 3 nilizobakiza mimi mwenyewe nilipougua. Nasikia ni udongo pia. Nimpe nusu?

#15 Muuguzi wa Zamu

Usimpe, baba. Ni udongo kweli, uliosafishwa, na ni dawa halali. Mapitio ya 2018 ya Cochrane, wale wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta kwamba kwa watoto unaweza kufupisha kuhara kwa siku moja hivi, ingawa ushahidi wenyewe hauna nguvu. Ila mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Ufaransa, huko huko unakopendwa sana, ilishauri usipewe watoto wa chini ya miaka 2, kwa tahadhari ya mabaki ya risasi.

Kinachomuua mtoto anayeharisha ni kupungukiwa maji. Mpe ORS, ile ya pakiti ya chumvi na sukari ya kukoroga kwenye maji, kwa kijiko, kidogokidogo, kila baada ya kuharisha. Anyonye kama kawaida. Zinki ya watoto, kwa umri wake miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata akiacha kuharisha. Na ukiona macho yamezama, halii machozi, hakojoi, analegea, anatapika kila kitu au kuna damu kwenye choo, funga simu uondoke naye sasa hivi.

#16 Baba Kijacho

Anakunywa. Amekojoa. Asante mama.

#17 Darubini Chakavu

Afadhali. Tumshukuru Muuguzi, halafu nitoe deni langu kwa upande wa pili, maana shemeji ameniambia uzi umekuwa wa kulaani tu.

Kuna mahali udongo naukubali bila kuguna. Mtu aliyekunywa parakwati, ile dawa ya magugu, hospitali humpa mkaa ulioamilishwa au udongo wa kunyonya mafuta, haraka iwezekanavyo, kwa sababu parakwati ina chaji chanya na udongo unaing'ang'ania. Hiyo ni kazi ya hospitali na ni mbio za dakika. Pia kuna aflatoksini, sumu ya ukungu kwenye nafaka. Timothy Phillips wa chuo kikuu cha Texas A&M na wenzake wametumia miaka mingi kwenye montmoriloniti ya kalsiamu iliyochujwa na kupimwa. Walianza na malisho ya mifugo, kisha wakaijaribu kwa watu Ghana, gramu 1.5 au 3 kwa siku kwa miezi 3, na alama za aflatoksini mwilini zikashuka.

Tazama hayo mawili yanavyofanana. Sumu inajulikana kwa jina. Iko tumboni, haijavuka. Udongo umepimwa. Gramu zimehesabiwa na kuna tarehe ya kuacha. Shemeji hakuwa na hata moja kati ya hayo.

#18 Jongoo80

Mnazunguka kote huko, swali langu hamjalijibu. Kama utumbo wangu ulikuwa msafi, zile KAMBA zilikuwa nini? Nilitoa sentimita 30 kwa mkupuo. Nieleze, mtu wa maabara.

#19 Darubini Chakavu

Jongoo, nilikuwa naisubiri. Madaktari wanaingiza kamera kwenye utumbo mkubwa kila siku, na wapasuaji wanaufungua. Hizo kamba hawazikuti. Zinaonekana tu kwa watu waliokunywa mchanganyiko wa kuzitoa.

Lakini usiniamini mimi. Bado una unga? Chukua glasi. Tia kijiko cha siliamu na kijiko cha bentonaiti, maji ya vuguvugu, koroga, acha hadi kesho. Kisha mimina kwenye sahani na uvute kwa uma. Fanya na ya siliamu peke yake pembeni. Utuletee majibu hapa, yoyote yale. Nikishindwa naufunga uzi mwenyewe.

#20 Kipepeo Mweusi

Jongoo fanya mkuu. Tuwanyamazishe.

#21 mama_wawili

Wiki tatu zimepita, narudisha taarifa. Damu ilikuwa 8.1. Nimepewa vidonge vya chuma, na wamenipima na minyoo, hakuna. Siku nne za kwanza bila udongo nililia, si utani. Sasa natafuna barafu, muuguzi wa kliniki alicheka akasema nayo ni pika, tofauti yake haina risasi. Mume nilimwambia. Alikuwa anajua tangu mwezi wa tatu, alikuwa anakuta vumbi kwenye mkoba wangu.

#22 Muuguzi wa Zamu

Umenifurahisha mpaka nimesoma mara mbili. Rudi kupima baada ya mwezi, na usiache vidonge ukijiona una nguvu.

#23 Jongoo80

Wakuu nimefanya. Nilichelewa kwa sababu mara ya kwanza sikuamini, nikarudia.

Glasi ya siliamu peke yake: ute mzito, unamiminika. Glasi ya siliamu na bentonaiti: haikumiminika. Ilitoka nzima ikiwa na umbo la glasi. Nikaivuta kwa uma ikarefuka kama mpira, ikakunjamana, na mikunjo ni ileile niliyosema ni ya utumbo. Ni ya kijivu, ile ya kwangu ilikuwa nyeusi.

#24 Darubini Chakavu

Nyeusi ni nyongo, kaka. Ndani ya glasi hakuna nyongo. Na ahsante kwa kurudi, wengi wasingerudi.

#25 Sijachoka

Nami nisamehewe kwa #3. Hiyo ya glasi tuwekee picha.

#26 Jongoo80

Ya glasi nitaweka jioni. Modi, zile za mwaka jana kwenye ule uzi wangu wa zamani naomba uzifute. Kuna watu 11 walinifuata faraghani wakaniomba vipimo vya kuchanganyia. Nimewatumia wote kiungo cha hapa, wanane wamesoma, mmoja kanitukana.